Jeraha lipo, karatasi haipo: kuidai Purple Heart miaka mingi baada ya vita

Familia nyingi huanza na kovu. Mzee anapandisha mguu wa suruali, anaonyesha pale chuma kilipoingia, na wanawe wanashangaa ilikuwaje jeshi la Marekani likamrudisha nyumbani bila Purple Heart, nishani ambayo kila aliyejeruhiwa na adui anastahili. Lakini jeshi halibishani na kovu. Linauliza mambo matatu: nani alilisababisha, nani alilitibu, na hayo yameandikwa wapi. Ombi linalojibu hayo matatu huweza kupita likiwa na kurasa 6. Lisiloyajibu hurudishwa hata likiwa na picha 100.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Purple Heart haifanani na nishani za ushujaa. Nishani ya ushujaa hupendekezwa na kamanda, na ikichelewa kuna muda wake, hadi ilazimu kupitia kwa mbunge au seneta. Purple Heart haipendekezwi. Kanuni ya jeshi la nchi kavu, AR 600-8-22, inasema hivyo waziwazi: mtu huistahili pale tu anapotimiza masharti. Kwa hiyo haina tarehe ya mwisho ya kuidai. Pia, barua tano za kumsifu mzee kwamba alikuwa hodari na mtiifu hazisogezi ombi hata hatua moja, kwa sababu hakuna anayeuliza kama alikuwa hodari. Tumeona majalada manene yaliyojaa sifa, na ndani yake hakuna hata mstari mmoja unaotaja jina la hospitali.

Masharti yenyewe ni machache. Pawe na jeraha, yaani madhara ya mwili yaliyosababishwa na nguvu iliyotoka nje ya mwili. Liwe limesababishwa na adui. Liwe lilihitaji matibabu ya mhudumu wa afya, na matibabu hayo yawe yameingizwa kwenye kumbukumbu rasmi. Ngozi si lazima ipasuke: tangu 2011 mtikisiko wa ubongo unaotokana na mlipuko wa adui unakubalika endapo mtu alipoteza fahamu, au tabibu alimzuia kurudi kazini kikamilifu kwa zaidi ya saa 48 kwa sababu ya dalili zake, na kigezo hicho kinarudi nyuma hadi 11 Septemba 2001. Ndiyo maana baada ya makombora ya Iran kupiga kambi ya Al-Asad nchini Iraq tarehe 8 Januari 2020, wanajeshi zaidi ya 100 waligunduliwa kuwa na madhara ya ubongo, lakini nishani za kwanza zilikuwa 29 tu, na nyingine 39 zikatangazwa Desemba 2021 baada ya majalada kupitiwa upya.

Yasiyohesabika nayo yajulikane mapema, maana kumtia mzee matumaini ya bure ni kumjeruhi mara ya pili. Hayahesabiki: maradhi ya kawaida, kupigwa na joto, uchovu wa vita, msongo wa akili unaobaki baada ya vita, mlio wa masikio na upungufu wa kusikia, ajali isiyohusiana na adui, na jeraha la mtu aliyeokota bomu lisilolipuka ili alifanye ukumbusho. Baridi iliyoua nyama ya miguu haihesabiki pia, isipokuwa kwa jeshi la nchi kavu ikiwa ilikuwa kali, ikamlaza mtu hospitalini, na ilitokea kati ya 7 Desemba 1941 na 22 Agosti 1951. Risasi za wenzako zinahesabika kama mlikuwa katika mapambano na adui.

Ajali ya gari ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Gari likipinduka kwa uzembe wa dereva, hakuna nishani. Gari likipinduka kwa sababu adui alilifyatulia risasi, kanuni inaelekeza uamuzi umfae askari. Kwa hiyo “alijeruhiwa katika ajali ya lori” na “lori lilipinduka baada ya tairi la mbele kupigwa risasi” ni maombi mawili tofauti kabisa, ingawa ni mguu uleule uliovunjika.

Kabla ya kuandika neno lolote, soma hati ya kuondoka jeshini. Waliotoka kuanzia 1950 wana DD 214. Wengi wa jeshi la nchi kavu waliotoka baada ya Vita Kuu ya Pili wana WD AGO 53-55, na hapo tazama kisanduku cha 34, majeraha yaliyopatikana vitani. Kuna wazee ambao kisanduku cha 33, cha nishani, hakitaji Purple Heart, ilhali cha 34 chini yake kina tarehe na mahali pa jeraha. Mwenye hati ya namna hiyo hana kesi ngumu, ana karani aliyesahau. Kwa wa Vietnam, tafuta ndani ya jalada DA Form 20, kadi ya utumishi: kipengele cha 40 ni majeraha, cha 41 ni nishani, cha 38 ni vikosi alivyotumikia. Cha 40 kikiwa kitupu, ujue bodi ya jeshi ya kurekebisha kumbukumbu, ambayo huamua maombi yaliyokataliwa, itakitumia dhidi yenu, na ushahidi mwingine lazima uwe mzito kiasi cha kukizidi.

Jalada kamili huombwa kwa fomu SF-180, au kwa mtandao kupitia eVetRecs, kutoka National Personnel Records Center, kituo cha kumbukumbu za utumishi kilichoko St. Louis, Missouri. Jalada la aliyeondoka jeshini miaka 62 au zaidi iliyopita liko wazi kwa yeyote, kwa ada. Likiwa jipya zaidi ya hapo, aliyetumikia au ndugu wa karibu kwa kawaida halipi kitu: mjane au mgane ambaye hajaoa wala kuolewa tena, mzazi, mtoto, kaka au dada. Mjukuu hayumo, kwa hiyo kwa majalada hayo mama au mjomba ndiye atie saini. Usiombe DD 214 peke yake. Andika wazi kwamba unataka jalada zima la utumishi pamoja na kumbukumbu za matibabu, kwa sababu ukiandika “hati ya kuondoka” utaletewa karatasi moja na utakuwa umepoteza miezi.

Sasa kuhusu moto. Tarehe 12 Julai 1973 ghorofa ya juu ya jengo la kumbukumbu la St. Louis iliungua, majalada kati ya milioni 16 na 18 yakapotea. Waliopata hasara kubwa ni wa jeshi la nchi kavu walioondoka kati ya 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960, kama asilimia 80 yao, na wa jeshi la anga walioondoka kati ya 25 Septemba 1947 na 1 Januari 1964, asilimia 75, wale ambao majina yao kialfabeti yanakuja baada ya Hubbard, James E. Majalada ya jeshi la majini na ya kikosi cha wanamaji, Marine, hayakuguswa. Basi mzee wa Marine akiambiwa “jalada liliungua”, aliyemjibu amekosea, na ombi lirudishwe.

Jibu la “liliungua” si mwisho hata kwa wa nchi kavu. Omba na ujaze NA Form 13055, ambayo hutumika kujenga upya habari za matibabu. Watatafuta katika vitu vilivyokuwa mahali pengine: kadi za kulazwa hospitalini za ofisi ya mganga mkuu wa jeshi, za 1942 hadi 1945 na 1950 hadi 1954, ripoti za wagonjwa, na ripoti za asubuhi. Ripoti ya asubuhi ni hazina. Kila kombania iliandika kila siku nani ameondoka, nani amerudi, nani amekufa, nani amepelekwa hospitali. Lakini haitafutwi kwa jina la mtu, inatafutwa kwa kikosi na tarehe. “Divisheni ya pili, mwaka 1951” haitoshi. Wanahitaji kombania, batalioni, regimenti, na dirisha la tarehe lisilozidi miezi 3. Mzee asiyekumbuka tarehe mwulize vitu vya pembeni: ilikuwa kabla au baada ya Krismasi? Mvua zilikuwa zimeanza? Nani alikuwa kamanda wa kombania? Barua aliyomwandikia mama yake kutoka kitandani ina muhuri wa posta wa lini?

Ripoti hizo zimejaa vifupisho na lazima uvisome kwa makini. LWA ni aliyejeruhiwa kidogo vitani, SWA ni aliyejeruhiwa vibaya. Lakini katika ripoti za Vita Kuu ya Pili utakuta pia LIA, na hapo herufi ya katikati inasimama kwa neno jingine: aliumia kidogo akiwa vitani, pengine alitegua mguu akiruka mtaro. Herufi moja, W au I, imewahi kuangusha maombi. Ukikuta LIA, usiifiche. Ieleze, na utafute kadi ya hospitali inayotaja kilichomuumiza. Na usiishie kwenye jina la mzee: andika majina ya wengine waliojeruhiwa siku hiyo katika kombania hiyohiyo. Kama hao walipata Purple Heart, amri zao zinathibitisha kwamba adui alishambulia pale, siku ile. Nusu ya kesi imeshasimama.

Kwa Vietnam kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Makamanda wa hospitali walikuwa na mamlaka ya kutoa Purple Heart, na mara nyingi afisa alipita kitandani akabandika nishani kwenye mto wa mgonjwa. Amri yake iliandikwa na hospitali, si na kikosi. Kama mgonjwa alihamishwa siku iliyofuata kwenda Japani au Marekani, nakala haikumfuata. Leo familia inatafuta amri za kikosi, haioni kitu, inadhani hakuna. Zitafutwe amri za jumla za hospitali yenyewe kwa mwezi ule. Kumbukumbu za majeshi ya Marekani Kusini-Mashariki mwa Asia zimo National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa, huko College Park, Maryland, katika kundi namba 472, na humo pia mna shajara za kila siku za batalioni, fomu DA 1594, zinazoandika kwa saa na dakika lini helikopta ya majeruhi iliitwa. Kwa Marine tafuta taarifa za mwezi za kikosi, na kwa mabaharia kitabu cha kumbukumbu za meli.

Orodha ya majeruhi wa Vietnam nayo hutazamwa na bodi kila mara. Jina lisipokuwemo watalitaja hilo kama sababu ya kukataa. Jibu lake lipo: askari aliyejeruhiwa kidogo angeweza kuchagua familia isiarifiwe, kwa hiyo kukosekana kwa simu ya maandishi nyumbani hakuthibitishi kwamba hakujeruhiwa. Lisemwe hivyo katika ombi, kwa sentensi mbili, bila ukali.

Mashahidi ndio sehemu inayoharibiwa zaidi, tena na watu wenye nia njema. Fort Knox, kilipo kitengo cha nishani cha jeshi la nchi kavu, wanataka angalau wawili, mbali na mwenyewe, waliokuwepo na kuona. Aliyesimuliwa kwenye mkutano wa wastaafu miaka 20 baadaye si shahidi. Maelezo ya kawaida huja hivi: “Nilikuwa naye Vietnam, najua alijeruhiwa, ni mtu mwema na anastahili.” Hayana kitu cha kushika. Linganisha na maelezo ya mfano huu:

“Nilikuwa mpiga rashasha wa platuni ya 2, kombania B. Tarehe 11 Mei 1969, majira ya saa 10 alasiri, bomu la mota lilianguka kushoto kwa handaki letu. Nilikuwa mita 5 hivi kutoka kwake. Niliona damu kwenye paja lake la kulia. Tabibu wa platuni aliipasua suruali kwa mkasi, akamfunga bandeji, akajaza kadi na kuifunga kwenye kifungo cha shati lake. Helikopta ilimchukua baada ya kama nusu saa. Alirudi baada ya siku 9, akichechemea.”

Hapo kuna adui, jeraha, upande wa mwili, tiba, na hata kadi ya tabibu ambayo ni DD Form 1380. Shahidi aambatanishe nakala ya DD 214 yake au amri inayoonyesha alikuwa kikosi hicho siku hiyo, la sivyo neno lake linaelea. Aandike kwa maneno yake mwenyewe. Familia zenye haraka huandaa maelezo moja na kuwatumia watatu watie saini, na msomaji wa bodi akiona sentensi zilezile mara tatu, anaacha kuziamini zote. Mmoja akisema saa 9 na mwingine saa 10, acheni hivyohivyo. Watu wawili waliokuwa chini ya mabomu hawatazami saa. Mwishoni shahidi athibitishe kwa kiapo kwamba anasema kweli, akijua adhabu ya uongo.

Tabibu aliyemfunga jeraha akiwa hai, neno lake lina uzito kuliko mengine yote. Mtafuteni yeye kwanza.

Mwili nao unasema, ila kwa mpangilio. Linganisha uchunguzi wa afya wa kuingia jeshini na wa kutoka, fomu SF 88. Wa kuingia hauna kovu, wa kutoka unataja kovu la sentimita 4 kwenye paja la kulia: hiyo ni karatasi ya jeshi lenyewe ikishuhudia. Picha ya eksirei inayoonyesha vipande vya chuma ni nzuri zaidi, hasa daktari akiandika kwamba inaelekea zaidi kuwa vilitokana na mlipuko wa vitani kuliko kitu kingine. Ombeni pia jalada la madai lililoko VA, wizara ya wanajeshi wastaafu, kwa kuwa mara nyingine karatasi za hospitali zilizopotea St. Louis zilinakiliwa humo katika miaka ya 50 au 70 mzee alipoomba fidia.

Hata hivyo, malipo ya VA si nishani. VA humpa mstaafu faida ya shaka: mizani ikilingana, yeye ndiye anayeshinda. Bodi ya jeshi hutaka mizani ielemee upande wake, na huanza na dhana kwamba makarani wa wakati ule walifanya kazi yao sawasawa. Ndiyo maana mtu anaweza kulipwa fidia ya kovu la vita kila mwezi na bado akanyimwa nishani ya kovu hilohilo. Familia huliona jambo hili kuwa tusi, na hasira yao tunaielewa kabisa, lakini barua yenye hasira haigeuzi kipimo.

Njia ya ombi: wa nchi kavu huishia kwenye kitengo cha nishani cha Human Resources Command, Fort Knox, Kentucky. Wa Marine ni Quantico, Virginia. Weka juu ukurasa mmoja wa maelezo: tarehe, mahali, kikosi, silaha ya adui, sehemu ya mwili, nani alitibu, wapi. Kila dai liwe na namba ya kiambatisho chake. Tuma nakala, kamwe usitume karatasi halisi. Seneta au mbunge anaweza kusaidia ukijaza fomu ya ofisi yake ya kumruhusu kuona habari zako, na ofisi husika hulazimika kumjibu. Hawezi kutoa nishani, anaweza kuzuia jalada lisilale.

Wakikataa, nenda bodi ya kurekebisha kumbukumbu kwa DD Form 149. Usiruke hatua ya kwanza, bodi hurudisha ombi ambalo halijapitia kitengo cha nishani. Sheria inataja miaka 3 tangu kosa kugunduliwa, lakini bodi inaweza kusamehe kwa ajili ya haki, na lazima uombe msamaha huo kwa maandishi na utoe sababu. Sheria inazitaka bodi zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10 na yote ndani ya miezi 18. Omba jambo moja tu. Wapo wanaochanganya Purple Heart, cheo, na fidia katika fomu moja, na dai lenye nguvu likazama pamoja na yale dhaifu.

Kukataliwa na bodi kusomwe kama orodha ya kinachokosekana. Uamuzi wao huja na sababu zilizoandikwa aya kwa aya, na ombi la kufikiriwa upya hupokelewa likiwa na ushahidi ambao hawakuuona. Kurudisha karatasi zilezile na barua kali zaidi ni kupoteza mwaka. Baada ya hapo ipo mahakama ya shirikisho. Mwaka 2024 mzee mmoja wa Minnesota mwenye umri wa miaka 97 alivishwa Purple Heart kwa vipande vya bomu la mota vilivyompata Korea mwaka 1951. Tabibu aliyemfunga huenda aliuawa kabla ya kuandika, mashahidi karibu wote walikuwa wamefariki, na maoni ya madaktari wa VA ya 2005 hayakuwa yametosha. Bodi ilikuwa imemkataa. Seneta aliingilia, kesi ilifunguliwa dhidi ya jeshi, na chuma kilikuwa bado mguuni mwake.

Mwenye haki akiwa amefariki, ndugu wa karibu huendelea na dai kwa cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu. Akiwa hai lakini kumbukumbu zinafifia, chukueni maelezo yake sasa, yaandikwe, asaini na yawekwe tarehe, hata kama jalada halijafika.

Nishani yenyewe haina fedha. Humweka mstaafu katika kundi la 3 la huduma za afya za VA, na tangu 1 Januari 2020 humruhusu kununua katika maduka ya kambi. Kwa waliojeruhiwa kuanzia 11 Septemba 2001 na kuipata, hufungua mafao kamili ya masomo.

Ombi likikubaliwa, vitu viwili huja kwa njia tofauti: sanduku la nishani, na DD 215, karatasi inayorekebisha DD 214. Fungua ya karatasi kwanza. Soma jina na namba ya utumishi tarakimu kwa tarakimu, na hakikisha kila nishani nyingine ya mzee bado imo. Ukiona kosa, lirudishe wiki hiyohiyo, jalada likiwa bado mezani kwa aliyelishughulikia, kabla halijarudishwa rafuni St. Louis.